Robo Ekari ya Mboga Dar es Salaam: Faida Isiyomaliza Udongo

Mchicha unaovunwa siku ya 28 humpa mkulima pesa haraka kuliko karibu zao lolote linaloota Dar es Salaam. Haraka hiyohiyo ndiyo inayochosha ardhi. Tuta moja linaweza kuvunwa mara kumi kwa mwaka, na kila mavuno yanaondoka na naitrojeni, potasiamu na uhai wa udongo ambavyo hakuna aliyeviandika kwenye daftari. Mwenye duka akiuza bidhaa na kutumia mauzo yote bila kurudisha mzigo rafuni, mtaa mzima unajua anakula mtaji. Bustanini mtaji uko chini ya miguu, haupungui machoni, na mtu anaweza kuuita faida kwa muda mrefu kabla matuta hayajaanza kumgomea.

Mwongozo huu ni wa bustani ya robo ekari, yaani kama mita za mraba 1,000, kwenye udongo wa kichanga kama ule wa Chanika, Kigamboni, Bunju au Kinyerezi. Vipimo vyote tumeviweka kwa tuta moja ili hata mwenye matuta matano avitumie.

Kiwanja, maji na maelewano

Anza na maji, si udongo. Udongo mbovu unatengenezeka kwa mwaka mmoja au miwili, lakini maji mabovu yatakusumbua kila siku.

Maji ya kisima cha maeneo ya karibu na bahari yanaweza kuwa na chumvi, na hali huzidi kiangazi watu wengi wanapovuta kwa wakati mmoja. Tafuta mwenye kipima chumvi cha mkononi, au peleka chupa ya maji maabara. Chini ya desisimensi 0.7 kwa mita, mwagilia bila wasiwasi. Kati ya 0.7 na 3, unaweza kulima mchicha na matembele, lakini epuka maharage, na kila wiki mbili mwagilia mara mbili ya kawaida siku moja ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Ikizidi 3, usikodi hicho kiwanja kwa ajili ya mboga. Dalili kwenye shamba ambalo tayari linalimwa ni ukungu mweupe unaokauka juu ya tuta mchana, na majani yanayoungua kuanzia kwenye ncha na kingo huku katikati pakiwa kijani.

Maji ya mto unaopita katikati ya jiji ni suala jingine. Tafiti zilizofanywa kwenye mboga za Bonde la Msimbazi zimekuta madini mazito, risasi ikiwemo. Madini hayo huingia ndani ya jani, kwa hiyo kuosha hakuyaondoi. Vijidudu vya majitaka vyenyewe hukaa juu ya jani, lakini mboga haiwi salama kama inaoshwa kwenye mfereji uleule ilikonyweshwa, na hilo hufanyika sana. Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha bakteria wa kinyesi 1,000 kwa kila mililita 100 za maji yanayomwagilia mboga zinazoweza kuliwa mbichi. Kabla ya kulima kwa maji ya mto, pima.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Anayelima ndani ya eneo hilo anaweza kuondolewa wakati wowote. Akibaki, mafuriko ya masika ndiyo yatakayomwondoa, pamoja na samadi yote aliyoiweka.

Kisha maelewano na mwenye eneo. Viwanja vingi vya mboga jijini hulimwa kwa ruhusa ya mdomo mpaka mwenyewe aanze kujenga. Anayejua anaweza kuondolewa mwezi ujao hana sababu ya kutunza udongo, na hapo ndipo uchumi na mazingira vinapogombana hasa. Tafuta maandishi ya angalau miezi 24, hata kama ni ukurasa mmoja uliosainiwa mbele ya mjumbe, wenye kipengele cha kuruhusiwa kumaliza mavuno yaliyopo shambani. Ukishindwa kupata miezi 24, tumia vinavyohamishika: tangi juu ya matofali, bomba za kukunja, mboji iliyo kwenye viroba. Usipande miti wala usichimbe kisima kwenye ardhi isiyo na makubaliano. Kisima kirefu cha mashine kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kwa Dar es Salaam ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Kugawa matuta 50

Tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10 linafikiwa na mkono kutoka pande zote mbili bila kukanyagwa. Eneo lake ni mita za mraba 12. Ukiacha njia za sentimita 40, robo ekari inabeba matuta 50 na inabaki nafasi ya kama mita za mraba 150 kwa ajili ya tangi, malundo ya mboji na kivuli cha kufungia mboga. Usiibane nafasi hiyo ili upate matuta mengine manane. Bustani isiyo na mahali pa mboji huishia kununua kila kitu.

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: matuta 20 ya mchicha, 10 ya matembele, 8 ya kunde za majani, 6 ya bamia na nyanya chungu, na 6 yaliyo kwenye mapumziko ya marejea, mmea unaopandwa ili uzikwe kurutubisha udongo. Mchicha unakaa siku 28, siku 7 zinatumika kutayarisha tuta, jumla siku 35. Matuta 20 kwa mzunguko wa siku 35 yanakupa matuta manne ya kuvuna kila wiki, mwaka mzima. Mchuuzi anayejua atapata matuta yake manne kila wiki hatakukimbia kwa sababu ya jirani aliyeuza bei chee mara moja.

Matuta sita yaliyolala yanawauma wengi. Ni asilimia 12 ya bustani isiyoingiza pesa. Sababu yake iko kwenye sehemu ya mizizi, chini.

Umbo la tuta libadilike na msimu. Kwa masika, Machi hadi Mei, inua tuta sentimita 20 hadi 30 na uache njia zitoe maji. Kiangazi, kuanzia Juni, geuza: tuta liwe chini ya njia kwa sentimita 5 hadi 10 ili lita unayomwaga ibaki palepale. Ukiacha matuta ya masika wakati wa kiangazi, kingo zake hukauka kwanza, na ule mchicha mfupi wa pembeni ndio mchuuzi anaoutumia kukushusha bei. Kwenye miteremko ya Pugu na Kinyerezi, panga matuta yakate mteremko na upande mstari wa mchaichai kila baada ya matuta manne au matano. Unashika udongo, na unauzika.

Samadi na mboji

Samadi ya kuku ndiyo nguzo ya mboga za jiji hili kwa sababu mabanda yako kila kata. Lakini ikitumika vibaya inaharibu kwa njia tatu tofauti.

Ya kwanza ni kuungua. Samadi mbichi hutoa amonia, na miche ya mchicha hufa ikiwa na majani mawili. Ya pili ni maranda. Samadi ya kuku wa nyama huja imejaa maranda, na vijidudu vinavyoozesha maranda hula naitrojeni ya udongo kwanza. Mkulima anaona mchicha wa njano juu ya tuta lililojaa samadi, anakimbilia urea. Ya tatu ni afya ya mlaji. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka siku 90 hadi 120 zipite kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna. Mchicha unavunwa siku 28. Maana yake hakuna namna ya kuweka samadi mbichi kwenye mchicha ikawa salama. Lazima ipikwe.

Kuipika: rundika samadi ifike urefu wa mita moja na upana wa mita 1.2 au zaidi. Lundo dogo halipati joto. Lowesha huku ukichanganya mpaka konzi moja ikikamuliwa itoe matone mawili matatu. Ikichuruzika, ongeza nyasi kavu. Ikiwa haitoi tone, ongeza maji. Funika kwa makuti au turubai, hasa masika, kwa sababu mvua kubwa ya siku chache inatosha kuosha naitrojeni nyingi uliyoilipia. Siku ya tatu chomeka nondo katikati, iache dakika kumi, ichomoe na uishike. Ikiwa unaweza kuishika bila tabu, lundo halijawaka: ama ni kavu, ama limejaa maji, ama ni dogo. Linatakiwa lifike nyuzi joto 55 na kuendelea. Geuza siku ya 7, ya 14 na ya 21, ya nje iingie ndani, ili kila sehemu ipate zamu yake ya joto. Wiki ya sita inakuwa tayari: haina harufu kali, imepoa, maranda yamekuwa meusi na yanavunjika kwa vidole.

Mboji ya taka za soko ni kazi zaidi lakini malighafi ni ya bure. Maganda ya ndizi na majani ya kabichi kutoka Mabibo au Buguruni yana maji mengi, kwa hiyo kwa kila ndoo moja ya mabichi weka ndoo tatu za makavu: nyasi, majani ya miembe, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Chambua plastiki kabla hazijaingia kwenye lundo, maana baada ya wiki mbili zinakuwa vipande na hutazipata tena. Makumbi ya nazi usiyaweke humo. Yanachelewa sana kuoza, na faida yake kubwa ni kutandazwa kwenye matuta ya bamia na nyanya chungu kwa unene wa sentimita 5.

Sasa kiasi. Tuta la mita za mraba 12 likikupa kilo 20 za mchicha, limepoteza takribani gramu 90 za naitrojeni na zaidi ya gramu 100 za potasiamu. Kilo 12 za samadi ya kuku iliyopikwa, yenye naitrojeni asilimia 2, zina gramu 240, na kama nusu yake ndiyo inayopatikana kwa mmea katika miezi michache ya mwanzo. Kwa hiyo kilo 12 kwa tuta, sawa na kilo moja kwa kila mita ya mraba, zinatosha. Kilo 30 hazikuongezei mavuno.

Fosforasi ndiyo inayosahaulika. Kilo 12 hizohizo hubeba kama gramu 120 za fosforasi, na mchicha unachukua chini ya gramu 20. Inayobaki hurundikana msimu kwa msimu, na mvua za masika huisomba hadi mtoni na baharini, ambako hulisha mwani. Ndiyo maana hatupendekezi samadi ya kuku peke yake kwa kila zao. Kwa tuta moja fuata mpangilio huu:

- Zao la kwanza la mchicha: kilo 12 za samadi iliyopikwa.
- Zao la pili: kilo 6 za samadi na ndoo 2 za lita 20 za mboji.
- Zao la tatu: ndoo 3 za mboji, na urea gramu 60 siku ya 10 na gramu 60 siku ya 17.
- Kisha tuta linatoka kwenye mchicha.

Urea si adui. Ni kirutubisho kimoja tu, naitrojeni, na haijengi udongo. Iweke jioni kati ya mistari, umwagilie papo hapo, la sivyo sehemu yake inapotea hewani. Usiiweke siku saba za mwisho: jani linakuwa laini na linanyauka kabla ya kufika gengeni.

Hesabu ya tuta moja

Bei zifuatazo ni za mfano ili hesabu ionekane. Weka bei za kwako.

Tuta limeuzwa shambani kwa shilingi 15,000. Mbegu 600, samadi 1,500, mafuta ya pampu 1,800, kudhibiti wadudu 300, kazi 5,000. Jumla ya gharama 9,200. Kinachobaki ni 5,800. Kazi iandikwe hata kama ni mikono yako mwenyewe na ya watoto. Bustani inayoonekana ina faida kwa sababu hakuna anayelipwa haina faida.

Sasa mkulima anaacha samadi na kutumia urea gramu 200, ambayo ina naitrojeni kama ile inayoondoka na mavuno, kwa shilingi 400. Gharama inashuka hadi 8,100 na kinachobaki kinapanda hadi 6,900. Ameokoa 1,100, na kwenye zao hilo moja hesabu yake ni sahihi. Mtu asimwambie kwamba amekosea hesabu, kwa sababu hajakosea.

Swali ni tuta lipungue kiasi gani ili 1,100 ipotee. Tuta la 15,000 likiwa na mafungu 50, kila fungu ni shilingi 300. Mafungu manne yanatosha. Mchanga usiopata mboji wala samadi huanza kupitisha maji kama chujio, na mafungu manne kati ya 50 hupotea pembezoni mwa tuta kwa ukavu tu, kabla hujahesabu minyoo ya mizizi. Juu ya hapo, pampu inaanza kuwashwa mara mbili kwa siku badala ya moja, na ile 1,800 ya mafuta inapanda.

Hii ndiyo njia ya kupima kila ushauri wa mazingira utakaopewa: unagharimu shilingi ngapi kwa tuta, na mavuno yapungue mafungu mangapi ili gharama hiyo ijilipe? Mtu akikushauri kitu kinachohitaji mafungu ishirini ili kijilipe, mwambie asubiri. Samadi, mboji, matandazo na mzunguko wa mazao ni vya mafungu mawili mpaka matano.

Daftari liwe na safu saba: namba ya tuta, tarehe ya kusia, kilichowekwa kwenye udongo na kiasi chake, maji, dawa na tarehe yake, mauzo, na hali ya mizizi. Safu ya tatu ndiyo inayoonyesha kama unauza mboga au unauza udongo. Ikiwa mazao mawili yamepita kwenye tuta na safu hiyo iko tupu, toa shilingi 1,500 kutoka kwenye kila "faida" uliyoandika, kwa sababu hiyo pesa bado unadaiwa na tuta.

Kupanda mchicha

Lainisha udongo kwa kina cha sentimita 15 na uchanganye samadi siku saba kabla ya kusia, ukimwagilia kila jioni. Magugu yataota, yang'oe siku ya saba na umeokoa palizi moja.

Changanya gramu 24 za mbegu na robo kilo ya mchanga mkavu, maana mbegu za mchicha ni ndogo mno kumwagwa peke yake. Chora mistari ya kina cha nusu sentimita, umbali wa sentimita 15. Mbegu zikizama sentimita mbili hazitoki. Funika kwa nyasi kavu nyembamba, na ziondoe mara tu unapoona miche, kwa kawaida siku ya tatu hadi ya tano. Ukichelewa siku mbili, miche inarefuka kama uzi na kulala. Sisimizi huiba mbegu usiku. Jivu kidogo kuzunguka tuta linasaidia, ila lisirudiwe kila zao kwa sababu linapunguza uchachu wa udongo na kuusogeza upande wa magadi.

Miche inayoanguka kwa kukatikia usawa wa udongo ina kinyausi. Chanzo ni msongamano na maji ya jioni yanayolala juu ya tuta. Punguza miche, hamishia umwagiliaji asubuhi kwa siku tano, na tuta hilo lisipewe mbegu nyingi safari ijayo.

Maji: lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku wakati wa jua kali, yaani lita 60 kwa tuta, keni sita za lita 10. Zigawe, tatu asubuhi na tatu kabla ya magharibi, kwa sababu mchanga hauwezi kushika zote kwa mkupuo. Kwa bustani nzima ni karibu lita 3,000 kwa siku. Tangi la lita 5,000 linakupa siku moja na nusu ya kujinasua pampu ikiharibika. Mchicha hauvumilii zaidi ya hapo Januari na Februari.

Vuna alfajiri. Osha kwa maji safi, kwenye beseni, na yale maji ya kuoshea yamwage kwenye lundo la mboji.

Matembele yanahitaji maelezo machache: vipande vya sentimita 30, nafasi ya sentimita 30 kwa 30, karibu vipande 130 kwa tuta, mavuno ya kwanza wiki ya tano na baadaye kila wiki mbili ukiacha sentimita 10 za shina. Wakati mvua kubwa inauchakaza mchicha, matembele ndiyo yanayolipa kodi.

Mizizi inakuambia nini

Mchicha wa kung'oa una faida ambayo wengi hawaitumii: kila mavuno, mizizi yote inapita mkononi mwako. Kagua mizizi kumi kutoka sehemu mbalimbali za tuta. Mzizi mzuri ni mweupe na umenyooka. Wenye vinundu vilivyovimba kama shanga zilizotungwa kwenye uzi umeshambuliwa na minyoo fundo, na kwenye udongo wa kichanga minyoo hii husambaa haraka.

Mizizi mitatu kati ya kumi ikiwa na vinundu, tuta hilo lisipandwe tena mchicha, bamia, nyanya wala nyanya chungu. Panda marejea, gramu 3 hadi 4 za mbegu kwa mita ya mraba. Minyoo huingia kwenye mizizi ya marejea lakini hushindwa kuzaliana vizuri. Baada ya wiki nane, maua yanapoanza, kata, katakata, zika kwa kina cha sentimita 10 na usubiri wiki tatu. Usiache yafike kwenye mbegu. Mashina yanakuwa magumu na naitrojeni imeshahamia kwenye mbegu.

Hayo ndiyo matuta sita ya mapumziko. Yanazunguka, kila tuta la mchicha likipata zamu baada ya mazao matatu, likipishana na kunde. Bila hayo, minyoo itakuchagulia matuta ya kupumzika, na itachagua zaidi ya sita.

Kwenye kunde, usichanganye vinundu vya minyoo na vile vya naitrojeni, yaani vya bakteria wanaoupa mmea naitrojeni. Kikwaruze kwa kucha. Cha naitrojeni kinabanduka chote na ndani yake ni chekundu au cha waridi. Cha minyoo ni sehemu ya mzizi wenyewe, hakibanduki bila kuurarua. Kunde zikiisha, kata shina usawa wa udongo na uache mizizi chini. Ukiing'oa umeondoa sehemu ya mbolea uliyoilima.

Wadudu na dawa

Mboga ya siku 28 haina nafasi ya dawa yenye siku 14 za kusubiri kabla ya kuvuna. Soma kibandiko kabla ya kulipa: kama hakina Kiswahili au Kiingereza unachokielewa, hakina namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, au kimehamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kiache dukani.

Wengi hupulizia kwa ratiba, kila Jumamosi, wadudu wawepo au wasiwepo. Hapo unalipia dawa mara nne kwa zao, na unaua manyigu na wadudu kibibi wanaokufanyia kazi bure. Badala yake, tembea kwenye matuta kila asubuhi ya pili na ugeuze majani ishirini kwa tuta. Vidukari kwenye majani mawili au matatu, waponde kwa vidole. Viwavi wanaokunja jani kwa utando, chuma jani na uliweke kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Majani matano au zaidi kati ya ishirini yakiwa na wadudu, pulizia mwarobaini: nusu kilo ya mbegu zilizokaushwa kivulini na kutwangwa, loweka katika lita 10 za maji usiku mzima, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko cha sabuni ya maji, pulizia jioni ukilenga chini ya majani. Jua kali huua nguvu yake, kwa hiyo dawa ya saa nne asubuhi ni kazi bure. Rudia baada ya siku tano.

Madoa meupe kama unga uliovimba chini ya jani ni kutu nyeupe, na mwarobaini hauisaidii. Ng'oa iliyoathirika na upanue nafasi zao lijalo. Acha giligilani chache zichanue kwenye kona za bustani. Maua yake hulisha manyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi.

Kuuza

Mchuuzi anayenunua tuta zima anabeba gharama ya kuvuna na hatari ya kubaki na mboga. Unayeuza kwa mafungu unapata zaidi lakini unabeba vyote viwili. Matuta matatu kati ya manne ya kila wiki yaende kwa wachuuzi wa kudumu, moja lipelekwe kwa mama lishe na majirani kwa bei ya rejareja. Usimkopeshe mchuuzi zaidi ya tuta moja kwa wakati. Anayetaka mboga isiyo na dawa kali alipe zaidi, nawe uwe tayari kumwonyesha safu ya dawa kwenye daftari, tuta kwa tuta.

Kipimo cha chupa, kila miezi mitatu

Vipimo vya maabara kwa udongo vinapatikana Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kituo cha utafiti wa udongo cha TARI Mlingano, Tanga. Mara moja kila miaka miwili inatosha, na afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza namna ya kuchukua sampuli. Katikati ya vipimo hivyo, tumia chupa ya maji ya lita 1.5.

Ikate kitako, igeuze shingo iwe chini, ziba mdomo kwa kitambaa. Weka kilo moja ya udongo uliokaushwa juani siku mbili, kutoka kina cha sentimita 10. Mimina nusu lita ya maji polepole. Baada ya saa moja pima kilichodondoka, toa kwenye mililita 500, na namba inayobaki ndiyo maji ambayo udongo wako umeyashika. Fanya hivyo kwa matuta matatu, na kwa udongo wa kona ambayo haijalimwa, iwe kipimo cha kulinganisha. Andika namba na tarehe.

Namba ya tuta ikipanda, punguza keni moja kwa siku kwenye tuta hilo na uangalie kama mchicha unanyauka saa nane mchana; usiponyauka, hiyo keni ni mafuta uliyookoa. Isipobadilika, endelea na kiasi kilekile cha mboji. Ikishuka mara mbili mfululizo, lirudishe tuta kwenye marejea bila kusubiri zamu yake, na likirudi kwenye mchicha, zao la tatu lipewe ndoo 4 za mboji badala ya 3.